Mkono Umekuwa Mfupi



Juma hili tunaomba ruhusa ya kuzungumzia jambo ambalo halimo katika masomo ya Jumapili wala katika kalenda ya Kanisa, ila limo katika kila nyumba ya pwani yetu, kuanzia Somanga hadi Mchinga na mbele yake. Nalo ni macho ya watu wazima. Hatusemi juu ya upofu. Twasema juu ya ule upungufu unaomjia mtu kimyakimya akishavuka miaka arobaini: jana alisoma karatasi akiwa ameishika karibu na kifua, leo anaisogeza mbali kidogo, kesho mbali zaidi, hadi siku moja mkono unakuwa mfupi na herufi bado hazijatulia.

Sisi wenyewe tumo katika rika hilo, na miwani tunayo. Misale kubwa ya altareni haitupi taabu, kwa kuwa maandishi yake ni manene na taa i karibu. Lakini Misale ya Waumini, au yale maelezo yanayokunjwa ndani ya boksi la dawa, hatuyawezi bila msaada. Hilo peke yake si jambo la kuandikia makala. Kilichotusukuma kuandika ni kuona jinsi watu wenye akili timamu na heshima zao wanavyoificha hali hii, kisha wakaacha kazi walizozimudu kwa miaka ishirini au thelathini, kwa kukosa kitu ambacho bei yake mara nyingi haifiki ya kuku wa kienyeji.

Tazameni wanavyoificha. Katika kigango kimoja, msomaji hodari wa Neno la Mungu alianza kwa kusingizia mafua kila alipopangiwa somo. Mwisho akaomba apumzishwe ili vijana nao wapate nafasi. Vijana walipewa nafasi, wakasoma kama watu wanaokimbia mvua, na ile sauti iliyokuwa ikiwanyamazisha hata watoto wachanga haikusikika tena. Jirani yetu mmoja, mwalimu wa chuo cha Kurani, ana kinga kubwa zaidi. Msahafu ameuhifadhi moyoni. Basi huufungua mbele yake na kusoma bila kuona hata herufi moja, na wanafunzi hawana habari. Alitueleza mwenyewe huku akicheka, tulipokutana sokoni penye samaki. Akasema kinachomshinda ni barua za serikali ya kijiji, kwa sababu hizo hakuzihifadhi.

Wengine hawana pa kujificha. Fundi cherehani hawezi kushona kwa kukariri. Mvuvi anayeziba matundu ya nyavu zake huanza kupokea kazi za nyavu zenye macho makubwa tu, na zile ndogo huwarudishia wenyewe akisema hana nafasi. Kina mama wanaosuka mikeka ya ukindu huweza kuendelea kwa kupapasa, kwa maana vidole vinaijua njia. Lakini anayedarizi kofia kwa mkono, tobo kwa tobo, huyo njia imekatika. Na yuko yule bibi anayemwita mjukuu alfajiri amtungie uzi. Mjukuu hutunga nyuzi nne katika sindano nne, huzichomeka kwenye mto, huenda zake shule. Bibi hushona hadi sindano ya nne iishe uzi, kisha huketi kumngoja mtoto arudi. Tumeiona kazi ya siku nzima ikisimama kwa ajili ya tundu la sindano, na nyumba nzima hakuna aliyedhani kwamba hilo ni jambo la kupeleka zahanati. Waliona ni uzee tu, na uzee hauna dawa.

Bibi mwenyewe alikuwa na miaka hamsini na miwili.

Tueleze basi kinachotendeka, maana kisichoelezwa hupewa maelezo mengine. Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, imo lenzi ngavu. Utotoni lenzi hiyo ni laini, na misuli midogo inayoizunguka huibadilisha umbo. Tukitazama jahazi lililo mbali, lenzi hulala ikawa bapa. Tukitazama sindano, hutuna katikati. Mtoto wa miaka kumi aweza kuona vema kitu kilicho umbali wa sentimita 7 au 8 tu kutoka jichoni mwake. Lakini lenzi huendelea kukua na kukakamaa mwaka hata mwaka, tangu ujanani, wala mwenyewe hasikii lolote. Miaka arobaini na kitu inapotimia, ukakamavu umezidi na cha karibu kinaanza kufifia. Ikifika miaka sitini na kitu, uwezo ule wa kutuna umekwisha karibu wote. Wataalamu wameiita hali hii presbiopia. Hailetwi na kusoma sana, wala na moshi wa jikoni, wala na jicho la hasidi. Humpata msomi na asiyejua kusoma. Tena hushangaza zaidi wale wenye macho makali: nahodha anayeitambua tanga ya mwenzake kabla ya mabaharia wote hataki kuamini kwamba macho yale yale yanaweza kushindwa na namba za simu.

Tofauti hii kati ya kuona mbali na kuona karibu ndiyo inayowapoteza wengi. Mtu husema, «Macho yangu hayana ubaya, naiona Kisiwani vizuri kabisa nikiwa hapa Masoko.» Na kweli anaiona. Ila hakuna mtu aliyetapeliwa kwa kutoiona Kilwa Kisiwani.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Zamani mkulima wa pwani aliweza kuzeeka bila kuhitaji kutazama kitu kidogo kuliko punje ya ufuta. Siku hizi riziki ya kijijini imeandikwa kwa herufi ndogo. Korosho zinauzwa kwa stakabadhi ghalani, mfumo ulioanza katika zao hilo msimu wa 2007/2008, na ufuta nao ukafuata. Mkulima anarudi nyumbani na kipande cha karatasi chenye kilo na daraja, badala ya fedha mkononi. Salfa ya kuzuia ubwiriunga ina maelekezo yake kwenye mfuko. Dawa ya mtoto ina kipimo chake kwenye chupa. Malipo yanaingia benki au kwenye simu, na simu inadai namba ya siri. Mtu mzima aliyelima ekari zake kwa jasho lake anajikuta akimkabidhi kijana simu, kisha anamtajia namba ya siri kwa sauti, mbele za watu, kwenye kibanda.

Mama mmoja, ambaye jina na kijiji chake tunavihifadhi, alikuwa akimpa mtoto wa dada yake simu kila malipo ya ufuta yalipoingia. Kwa misimu miwili alisomewa kiasi ambacho sicho. Siku alipogundua alikuwa ameazima miwani ya jirani yake kanisani ili aone namba ya wimbo. Akasahau kuirudisha, akatoka nayo nje, akaitazama simu yake. Hatutasimulia yaliyofuata katika ukoo ule. Tunataja kisa hiki kwa sababu wako wanaodhani kwamba miwani ya kusomea ni kitu cha kina padre na walimu. Yule mama hasomi vitabu. Anachotaka kusoma ni jasho lake.

Wala tusidhani kwamba haya ni ya wachache. Mwaka 2006 ulitolewa utafiti uliofanyika Kongwa, mkoani Dodoma, wilaya iliyokwisha kujulikana kwa uchunguzi wa ugonjwa wa vikope. Waliochunguzwa walikuwa watu wa vijijini wenye miaka arobaini na zaidi, na zaidi ya asilimia 60 walionekana wana upungufu huu wa kuona karibu. Wenye miwani ya kuwasaidia walikuwa kiasi cha asilimia 6 tu. Wanawake walikuwa na hali nzito kuliko wanaume. Mwaka 2010 ukachapishwa utafiti wa Zanzibar, wa watu wa rika lile lile: takriban asilimia 89 walikuwa na tatizo, na waliokuwa na miwani hawakufikia mmoja katika watano. Vipimo vya tafiti hizi mbili havikulingana, ndiyo maana hesabu zinatofautiana. Lakini zote mbili zinatuambia kwamba katika benchi la watu wazima kumi, walio wengi ni wenye shida. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake kubwa ya mwaka 2019 kuhusu macho, lilitaja watu milioni 826 duniani wasiopata msaada unaofaa wa kuona karibu.

Je, miwani inabadilisha chochote katika maisha ya mkulima? Jibu lilitafutwa kwa makini kule Assam, India, na kutangazwa mwaka 2018. Wachuma majani ya chai wapatao 751, wote wa miaka arobaini na zaidi, waligawanywa kwa kura: nusu wakapewa miwani ya karibu mara moja, nusu wakaambiwa wangoje. Waliopewa walichuma kwa takriban asilimia 22 zaidi ya wenzao. Chai hiyo huchumwa kwa vidole, haisomwi! Mwaka 2024 ukatolewa utafiti mwingine wa Bangladesh, wa watu wa vijijini wenye kazi za mikono na za shambani. Baada ya miezi minane, kipato cha waliopewa miwani kilizidi cha wenzao kwa kiasi cha theluthi moja. Twaomba viongozi wa vyama vya msingi vya ushirika wasome mistari hii mara mbili, kwa miwani au bila miwani. Kupepeta ufuta, kubangua na kupanga korosho kwa madaraja, kufunga vijiti vya mwani kwenye kamba, yote ni kazi za macho ya karibu.

Tukubali pia kwamba aibu ina mizizi yake. Hapa kwetu miwani imekuwa alama ya usomi na ya ukubwa. Kijana akivaa ya urembo, isiyo na kazi yoyote, husifiwa. Mvuvi wa miaka arobaini na mitano akivaa ya haki pale pwani, huitwa profesa mpaka aitie mfukoni. Na nyumbani, miwani ikiwa moja, huwa ni ya baba. Mama huichukua baba akilala. Kwa kweli hakuna ubaya wa kiafya wanandoa kuazimana, maadamu namba inawafaa wote. Ubaya ni kwamba mama anayeshona ndiye anayeihitaji mchana kutwa, naye baba anaivaa kutazamia magazeti ya juma lililopita.

Mizizi mingine ni ya imani potofu. Inasemwa kwamba miwani huyazoesha macho uvivu, na kwamba ukishaanza huwezi kuacha. Ni kweli kwamba namba hupanda: mtu aliyeanza na moja akiwa na miaka arobaini na kitu, huenda akahitaji mbili akikaribia hamsini na tano, na mbili na nusu au tatu akipita sitini. Lakini hupanda kwa sababu lenzi inaendelea kukakamaa, avae mtu asivae. Asiyevaa naye anapanda ngazi hiyo hiyo, ila gizani. Wengine husifu karoti na mapapai. Vyakula hivi ni vyema, hasa kwa watoto, maana ukosefu wa vitamini A hupofusha. Lakini karoti hailainishi lenzi iliyokakamaa. Wanaotia machoni asali, maji ya majani, au vitu vingine tusivyopenda kuvitaja, hao tunawasihi waache leo. Kioo cha mbele cha jicho kikipata kidonda hubakiza kovu, na mtu aliyeanza na shida ya kutunga uzi akamaliza na upofu ambao haukuwa fungu lake. Huko Marekani mwaka 2021 yaliidhinishwa matone ya kusaidia kuona karibu. Nguvu yake hudumu kwa saa chache, nayo si ya bei ya mkulima. Twayataja ili mtu akija kuuziwa chupa njiani ajue kwamba hata yale ya kweli hayaponyi.

Miwani yenyewe ni chombo kikongwe, na historia yake inatugusa sisi watu wa Kilwa kwa namna ya kupendeza. Elimu ya mwanga na ya jicho ilipata msingi mkubwa kwa Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, aliyeandika kitabu chake cha elimu ya kuona mwanzoni mwa karne ya 11, nacho baadaye kikatafsiriwa kwa Kilatini na kusomwa na wanazuoni wa Ulaya. Miwani ilitokea Italia mnamo mwaka 1286. Tunajua hivyo kwa sababu ya mahubiri: tarehe 23 Februari 1306, mjini Florence, Mdominiko Giordano da Rivalto aliwaambia waumini kwamba haijapita miaka ishirini tangu ufundi wa kutengeneza miwani uvumbuliwe, na kwamba mwenye kuivumbua alipata kumwona na kuzungumza naye. Basi hatuko wa kwanza kuyaleta macho mimbarani. Karibu na Florence, mjini Pisa, aliishi Mdominiko mwingine, Alessandro della Spina. Kumbukumbu za nyumba yao zinasema kwamba yule mvumbuzi alikataa kuwafundisha watu siri yake. Alessandro akavitazama vile vioo, akatengeneza vyake, akaugawa ujuzi huo kwa moyo mkunjufu kwa kila aliyeutaka. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 na kupokewa na Sultani Abu al-Mawahib, miwani ilikuwa na umri wa miaka arobaini na mitano tu. Leo ina miaka zaidi ya mia saba, na bado fundi cherehani wa Kivinje anafunga duka kwa kuikosa. Jambo hilo halielezeki kwa kusema sisi ni maskini. Pesa ya soda tunayo. Simu tunazo.

Tufike penye ubishi. Kuna wataalamu wa macho, tunaowaheshimu sana, wasiopenda miwani ya kusomea iuzwe au kugawiwa bila mtu kupimwa na mtaalamu. Hoja yao si ya kupuuzwa. Mtu akinunua miwani kwa mmachinga akaona herufi, ataridhika, asiende hospitali. Kumbe ndani ya jicho presha inapanda. Presha ya macho huanza kula pembeni, mwenyewe asijue, na kilicholiwa hakirudi. Watu wa asili ya Afrika hupatwa nayo zaidi na mapema kuliko wengi, nayo hutembea katika koo. Hali kadhalika kisukari hujeruhi sehemu ya nyuma ya jicho kimyakimya. Haya yote ni kweli.

Hata hivyo sisi tunasema: miwani itangulie. Sharti la kupimwa kwanza lina maana mahali penye mpimaji. Mwanamke wa kisiwa cha Songo Songo, au wa kijiji kilichokatika barabara wakati wa masika, ukimwambia asivae miwani mpaka amwone mtaalamu, umemwambia asivae. Upungufu wa kuona karibu hauhitaji mashine kuutambua: yatosha kadi yenye herufi au alama ndogo, kamba ya sentimita 40, na mtu aliyefundishwa kwa siku chache. Huko Bangladesh kazi hiyo ilifanywa na watu wa jamii waliofunzwa, bila kumngoja daktari. Kwa nini mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kijiji chetu, anayeaminiwa kupima malaria, asiaminiwe kupima kama bibi anaona tundu la sindano? Mwaka 2021 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliweka lengo kwamba, ifikapo mwaka 2030, idadi ya wanaopata miwani inayowafaa iongezeke kwa pointi 40 za asilimia. Lengo kama hilo halitafikiwa kwa foleni za hospitali za mikoa. Litafikiwa zahanati, na dukani penye sabuni na viberiti.

Tena tunaamini kwamba hofu ya wataalamu inaweza kugeuzwa kuwa msaada. Mtu asiyeona karibu haendi popote. Amekwisha kukata tamaa na kusema ni uzee. Aliyepewa miwani, akaona uso wa saa yake, huyo amejifunza kwamba jambo la macho linatibika, na ukimwambia nenda ukapimwe presha ya macho, anakusikia. Kwa hiyo muuzaji na mgawaji wote wapewe maneno mawili ya kusema wakati wa kukabidhi: wewe umevuka arobaini, nenda ukachunguzwe macho mara moja hata kama huumwi, na kama katika ukoo wenu yuko aliyepofuka, nenda mapema zaidi. Kwa watu wa Kilwa safari ya kwanza ni hospitali ya wilaya ya Kinyonga, pale Kivinje, na daktari akiona vema atakuelekeza Lindi au mbali zaidi.

Zipo dalili ambazo si za kununulia miwani kabisa, na hapa hatutaki mzaha. Jicho likiwa jekundu na lenye maumivu makali, kuona kukapungua ghafla, pazia likashuka upande mmoja, au ukaona cheche nyingi ambazo hukuwa nazo jana, hiyo ni safari ya siku hiyo hiyo. Aliye na kisukari, akiona namba ya miwani inamkataa leo na kumkubali kesho, aangalie sukari yake kabla ya kulaumu vioo. Na iko furaha moja ya uongo inayowapata wazee wetu: mtu aliyevaa miwani kwa miaka kumi anaamka na kuona kwamba anasoma bila miwani. Hushukuru, husimulia watu, pengine huita ni muujiza. Mara nyingi ni mtoto wa jicho anayejijenga katikati ya lenzi na kuibadilisha nguvu yake. Karibu panaonekana kwa muda, na mbali panafifia. Mtoto wa jicho hutibiwa kwa upasuaji, na upasuaji huo ni miongoni mwa tiba bora zilizopo. Basi mzee aliyeacha miwani ghafla aulizwe kwa upole kama bado anamtambua mtu aliye ng'ambo ya barabara.

Kuhusu maisha ya kila siku tuna machache. Mwanga ni nusu ya dawa: mahali pa kushonea pasogezwe mlangoni, na taa ya sola itoke nyuma ya bega badala ya kumulika uso. Simu nyingi za kisasa zina sehemu ya kukuza herufi; kijana aombwe kuikuza mara moja, kisha mwenye simu aifiche namba yake ya siri kwa amani. Miwani ya kusomea haivaliwi njiani wala juu ya bodaboda, kwa kuwa inakifanya cha mbali kiwe ukungu. Ukimwona mtu anaitazama barabara kwa juu ya miwani, anafanya sawasawa. Wenye shida ya kuona mbali tangu ujana huweza kuvua miwani yao ili wasome, nao wasishangae kwamba wamepata nafuu wakati wenzao wanahangaika. Na jamani, marafiki wetu wa ng'ambo wanaotuuliza kama watuletee maboksi ya miwani iliyotumika, tunawajibu kwa shukrani kwamba hapana. Miwani iliyotengenezwa kwa macho ya mtu mwingine, kila kioo na namba yake, huchukua muda mwingi kuichambua, na nyingi huishia kutupwa. Mipya ya namba za kawaida ni rahisi zaidi.

Halmashauri ya walei imekubali kutenga sehemu ya mfuko wa huduma kwa ajili hiyo. Tumenunua miwani ya namba moja, moja na nusu, mbili, mbili na nusu na tatu, pamoja na kadi mbili za kupimia, moja ya herufi na nyingine ya alama kwa wasiosoma. Muuguzi mstaafu wa parokia yetu atakuwa na meza barazani, nje ya kanisa, na si ndani, ili majirani zetu Waislamu nao waje bila kujiuliza. Yule mwalimu wa chuo ametuahidi kuja wa kwanza, na amesema atakuja na barua zake zote. Bei ni ile ile tuliyonunulia, na asiye nayo atalipa msimu wa ufuta. Meza itaanza saa tatu asubuhi siku ya Jumanne. Wanaotoka visiwani wasiharakishe, tutawangoja mpaka mashua zifike.